Mary Midgley mikononi mwa fundi bomba

Mimi ni fundi bomba hapa Mbeya, mwaka wa 19 sasa. Kitabu hiki, Utopias, Dolphins and Computers cha mwanafalsafa Mary Midgley, cha mwaka 1996, nilikiokota kwenye rundo la vitabu vya mtumba Mwanjelwa kwa shilingi 5,000, baada ya kuona jalada linataja kazi yangu, "plumbing", yaani ufundi bomba.

Midgley alifundisha falsafa Newcastle, Uingereza, huku akilea wanawe watatu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1978, akiikaribia miaka 60, na mwenyewe alisema anashukuru kuchelewa, maana zamani hakuwa amejua anachofikiri. Aliandika mpaka 2018, mwaka aliofariki akiwa na miaka 99.

Insha ya kwanza ndiyo iliyonishika. Anasema falsafa ni kama mabomba: yamefukiwa, hakuna anayeyajali mpaka yavuje. Hakuna aliyeyachora yote kwa pamoja, kila kizazi kimeunga kipande chake, na huwezi kuyang'oa yote uanze upya.

Ni kweli tupu. Mwezi uliopita niliitwa nyumba moja mtaa wa Forest, wapangaji hawasalimiani kwa ajili ya bili ya maji. Mama mmoja akanivuta pembeni: "Fundi, niambie ukweli, nani anatuibia?" Nikawaomba wafunge koki zote, tukainama kwenye mita. Kigurudumu chekundu kikawa kinazunguka taratibu, maana yake maji yanavuja mahali. Tulipovunja sakafu ya bafu tukakuta elbo ya chuma, kile kiungo cha kona ya bomba, imeliwa na kutu. Yule mama aliitazama, akanawa mikono, akaenda kugonga mlango wa jirani aliyekuwa akimshuku. Midgley naye, kabla ya kusema nani mbaya, hutafuta wazo gani limeoza chini.

Ipo pia insha inayouliza kama pomboo ni mtu, ikianzia kwenye kesi ya Hawaii ya vijana waliowaachia pomboo wa maabara. Anakumbusha kuwa hata watumwa na wanawake waliwahi kunyimwa utu na sheria. Nimekulia Mbozi nyuma ya ng'ombe wa plau, na Kiswahili chetu husema "ng'ombe amechoka" kama tusemavyo "baba amechoka". Nililiwaza hilo usiku kucha.

Kiingereza chake kinataka subira, na insha zinazojibizana na wasomi wenzake nilizipita haraka. Nakala yangu sasa anayo binti yangu wa kidato cha sita. Nimemwambia aanze na ile ya mabomba.