Black Panther na watoto watatu sebuleni: tuwawekee au tuache?

Jambo yenu, wazazi! Karibuni tena hapa Lubumbashi. Leo siwaletei sufuria wala blenda, nawaletea filamu: Black Panther ya Ryan Coogler, ile ya 2018. Najua mliiona zamani, hata mimi niliiona. Ila sasa nimeitazama nikiwa na wanangu watatu, wa miaka 9, 6 na 4, na hapo ikawa filamu nyingine kabisa. Mkeka chini, karanga, munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi), tukaanza.

Kosa la kwanza ni langu: sikuangalia alama ya umri. Marekani waliipa PG-13, yaani mzazi afikiri mara mbili kama mtoto hajafika 13. Uingereza ni 12A, mtoto wa chini ya 12 haingii sinema bila mtu mzima. Mimi nikasema aah, ni mtu kavaa kama chui anarukaruka, kuna nini?

Bana, shida si ngumi! Ngumi wanazizoea. Vifaru, wale wanyama wenye pembe, walipoingia vitani, wangu walishangilia utadhani Mazembe imefunga bao. Shida ni kifo cha baba. Filamu inafunguka na sauti ya mtoto akiomba hadithi, na kwa Kiingereza chenyewe anasema "Baba", kama sisi. Baadaye mnakuja kumwona mtoto huyo amekuta mwili wa baba yake ndani ya nyumba. Wa miaka 6 alinigeukia: "Mama, nani amemuua?" Ni mfalme, ndugu wa huyo baba mwenyewe. Haya, mweleze mtoto jambo hilo huku karanga ziko mdomoni.

Halafu ile sehemu ya maporomoko. T'Challa, ndiye huyo mtu-chui, mfalme mpya wa Wakanda, nchi ya kwenye filamu, anapigwa, anainuliwa juu, anatupwa chini. Na hapo hapo, umeme ukakatika. Pap! Giza. Wa miaka 4 akalia kama tumefiwa. Nikamwambia atarudi, akasema, "Umemwona wapi?" Usiku huo nililala na miguu yake mgongoni.

Umeme ulirudi kesho yake saa nne asubuhi, tukaendelea. Walipomkuta T'Challa amelazwa kwenye theluji, wakaniuliza ile nyeupe ni nini. Nikafungua friji nikawaonyesha. Kisha M'Baku, chifu wa watu wa milimani, anamtisha mzungu mmoja aliyefika kwake kwamba atampa watoto wake wamle, halafu anacheka, kumbe kwao hawali nyama. Wangu wakaanguka kwa kicheko: "Wanakula sombe tu!" Yaani majani ya muhogo. Hapo nikaipenda filamu upya.

Wa miaka 9 ndiye aliyenitoa jasho. Akaniuliza vibranium, yale madini ya Wakanda, ni kama kobalti, madini yetu? Nikasema vibranium ni ya hadithi, ilianguka na kimondo, kobalti ni ya kweli, na zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka kwetu Kongo, huku Katanga. Akanyamaza kidogo. "Sasa treni zetu kama zile za Wakanda ziko wapi?" Nikampa munkoyo zaidi. Wenye jibu nileteeni hapo chini.

Na ule mwisho. Killmonger, yule mtoto wa mwanzo aliyekua akawa adui wa T'Challa, amedungwa kifuani, T'Challa anataka atibiwe, yeye anakataa, anawataja mababu waliojitupa baharini kutoka kwenye meli za watumwa. Nilisimamisha picha tukaongea nusu saa, mimi na mkubwa. Wadogo walikuwa wameshatoka nje kucheza, nami sikuwaita.

Kwa hiyo: wa miaka 9, ndiyo, mkiwa pamoja na si usiku. Wa 6, mkalishe ubavuni, na ile sehemu ya mtoto na mwili wa baba iruke. Wa 4, hapana, yule ni kosa langu. Ina saa mbili na dakika 14, kwa hiyo ikateni vipande viwili. Mavazi ya Ruth Carter yalipata Oscar mwaka 2019 na yanastahili. Binti yangu hadi leo anakunja mikono kifuani kusalimia kama watu wa Wakanda, hata bibi yake alisalimiwa hivyo, akauliza kama mtoto anasikia baridi.

Na kama mtaa wenu ni kama wetu, jazeni betri kwanza kabla hamjafika kwenye yale maporomoko.