Vya kutolea nyama kwenye meno: kipi ununue Mbeya kabla ya Krismasi

Penye jiko la mbuzi au kitimoto, iwe Mwanjelwa, Uyole au Mafinga njiani, pana kikopo cha vijiti vya meno katikati ya meza. Kila anayekula anatumbukiza vidole humo. Katika vifaa vitatu tunavyovilinganisha hapa, yaani kijiti, uzi wa meno na brashi ndogo za kupita katikati ya meno, kijiti ndicho rahisi kupatikana na ndicho tunachokiweka mkiani.

Sababu ni umbo lake. Kijiti cha duara ni kinene kuliko nafasi iliyopo kati ya meno mengi, kwa hiyo kikisukumwa kinakwenda kwenye ufizi. Ile pembetatu ndogo ya ufizi kati ya jino na jino ikikandamizwa mara kwa mara husinyaa na kuacha mwanya, na mwanya huo hunasa nyama zaidi sikukuu ijayo. Tena vijiti vya bei ya chini huchanika vikishalowa mate. Kibanzi kikibaki ndani ya ufizi, siku mbili tatu baadaye pamevimba. Ikiwa hakuna kingine, chukua kilicho kwenye karatasi yake, elekeza ncha upande wa kutafunia badala ya upande wa ufizi, toa kilichonasa, kisha kitupe. Kukizungushazungusha mdomoni nusu saa nzima huku mnapiga soga ndiko kunakoumiza. Njiti ya kiberiti, pini na kipande cha vocha hatuvijadili kabisa.

Uzi wa meno ndio tunaoupendekeza kwa watu wengi. Uulizie famasi au supamaketi. Kwa Mangi ukisema uzi unaweza kupewa wa cherehani, na huo usiutumie, ni mwembamba na mkavu, unakata ufizi. Chagua uliopakwa nta. Kama meno yako yamebanana sana, tafuta ulio bapa kama utepe, huteleza vizuri zaidi.

Kata kipande cha sentimita 45 hivi. Zungushia sehemu kubwa kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja, kidogo kwenye cha mkono wa pili, ubakize sentimita 3 mpaka 5 katikati, ukishikilia kwa gumba na kidole cha shahada. Ingiza kwa kuusogeza mbele na nyuma kama anayekata kwa msumeno, polepole. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaushindilia chini kwa nguvu, unapita ghafla na kuchana ufizi, damu inatoka, wanahitimisha kwamba uzi ni mbaya. Ukishapita, ukumbatishe jino moja kwa umbo la herufi C, ushushe kidogo chini ya ukingo wa ufizi, usugue juu na chini mara tano au sita, halafu ugeukie jino la jirani. Ukihamia mwanya mwingine, fungua kipande kisafi.

Damu kidogo siku za mwanzo ni ya kawaida kwa fizi zilizovimba, na hupungua kadiri unavyoendelea. Ikizidi wiki mbili, muone daktari wa meno. Kuna dalili nyingine ambayo uzi huitoa bure: ukichanika nyuzinyuzi kila unapopita mahali palepale, pana tundu, ugaga au ukingo mbovu wa jino lililozibwa. Na nyama inayonasa pengo lilelile kila mlo si bahati mbaya, ni la kuchunguzwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya kinywa na meno. Nenda kabla sikukuu hazijaanza.

Zipo pia zile plastiki ndogo zenye uzi uliokwishafungwa kama upinde. Zinafaa kubeba mfukoni, lakini uzi wake ni mfupi na umekazwa, haukumbatii jino vizuri, na kipande kilekile ndicho kinachopita kinywa kizima. Kwa mkono wa mzee unaotetemeka, hata hivyo, ni bora kuliko kutotumia chochote.

Brashi ndogo hushinda uzi pale penye mianya: magego ya nyuma, fizi zilizoshuka, jirani ya pengo la jino lililong'olewa. Ugumu ni saizi. Rangi za vishikio hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo usinunue kwa rangi uliyoambiwa na jirani. Brashi sahihi hupita kwa kubana kidogo bila waya kugusa jino. Ikipinda inapoingia ni kubwa, ikicheza ni ndogo. Kinywa kimoja huhitaji mara nyingi saizi mbili. Ioshe, ianike, ibadilishe nywele zikilala.

Kitu kimoja vifaa hivi vyote haviwezi. Nyama iliyonasa huudhi ufizi, lakini inayotoboa jino ni sukari, na kreti la soda likishafunguliwa hunywewa kidogokidogo mpaka jioni. Kola ina gramu 10 hivi za sukari kwa kila mililita 100, na ukali wake uko chini ya pH 3 (kipimo cha asidi: namba ikishuka, ukali huzidi), ilhali jino huanza kupoteza madini karibu na 5.5. Soda moja iliyonywewa pamoja na pilau ina madhara madogo kuliko hiyohiyo iliyogawanywa kwa saa nne, maana mate hayapati nafasi ya kurekebisha. Baada ya soda sukutua kwa maji, subiri angalau nusu saa ndipo upige mswaki, kwa dawa yenye floraidi ya ppm 1000 mpaka 1500 (soma nyuma ya tyubu). Tema povu, usisukutue tena. Mtoto chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele wa Kyela; wa miaka 3 mpaka 6, kama njegere.

Kuhusu kiasi cha kununua: uzi wa mita 50 hutoa vipande 111 vya sentimita 45. Kwa nyumba yenye watu wazima watano, kila mmoja akitumia kipande kimoja usiku, hizo ni siku 22, tuseme kuanzia tarehe 15 Desemba mpaka tarehe 5 Januari.