Tangi langu la lita 540 na mzee wa vioo wa Katwe

Nina mkahawa mdogo Entebbe, na kinachowavuta watu si chai yangu, ni tangi la samaki: sentimita 150 kwa 60 kwa 60, kioo cha milimita 12. Ndani wamo furu, hawa Waganda wanaowaita nkejje, na hakikosi kichwa cha kuniuliza wanakaangwa kwa bei gani.

Ramadhani iliyopita, baada ya daku, nilishuka kufungua mlango nikakanyaga maji. Ufa ulianzia pembe ya nyuma ukakata kitako cha tangi, mwembamba kama mstari wa penseli.

Fundi wa kwanza, simtaji, aliuziba kwa silikoni upande wa nje, akapokea Sh 80,000 akapanda boda. Siku ya tatu maji yakarudi. Nilipousoma ule mrija alioacha nikakuta ni silikoni ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Afadhali hakuipaka ndani.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mmoja fundi wa vioo wa Katwe, kule Kampala. Alikuja na pima maji, tochi na Kiswahili alichojifunzia Nairobi. Nilikwisha kuulizia bei ya kioo, akanizuia: “Mama, usinunue kitu kwanza. Tuangalie chini.” Samaki tukawahamishia kwenye mapipa na pampu ya hewa ya betri, kisha vijana wanne wakaliinua tangi. Likiwa tupu tu lina zaidi ya kilo 100. Juu ya meza, pale pale ufa ulipoanzia, palikuwa na kokoto ya ukubwa wa punje ya choroko. Nusu tani ya maji ilikuwa ikiibonyeza kwenye kioo kila siku, miezi yote ile. Nimeiweka kwenye kikombe hapo kaunta. Asiyeamini aje aone.

Hakutaka hata kusikia habari ya kuziba. Alililaza tangi kifudifudi juu ya godoro, akakikata kitako chote kwa wembe na waya mwembamba, akaleta kingine. Kazi kubwa ikawa kukwangua silikoni ya zamani, maana mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Alikwangua tangu asubuhi hadi adhuhuri, akafuta kwa asetoni, akapitisha kidole, akarudia kukwangua. Mimi ningeshachoka. Silikoni yake ilinuka siki mkahawa mzima, wateja wakadhani napika achari.

Siku ya tatu nikamwomba tujaze. Akakataa kabisa, akasema wiki nzima. Wiki ilipotimia alitandika magazeti chini, akajaza robo, akalala. Kesho yake nusu. Kesho kutwa mpaka juu. Magazeti yakabaki makavu. Safari hii tangi linakalia stairofomu, lile povu jeupe linalofungiwa friji, ili chembe yoyote izame humo badala ya kukiuma kioo. Baada ya jaribio tulimwaga yale maji, na ya kuwarudishia samaki nikayaacha siku mbili kwenye mapipa klorini ya bomba itoke.

Kasoro zipo. Aliahidi Jumanne akaja Alhamisi, na simu hakupokea. Kioo cha mbele ameniachia tone la silikoni usawa wa macho ya mtoto, nami nalipiga jicho kila nipitapo. Risiti hatoi, aliniandikia kwenye karatasi ya pakiti ya sigara. Na nauli ya kioo kutoka Katwe hadi Entebbe ilikuwa juu yangu, jambo alilolitaja kioo kikiwa tayari mlangoni.

Jumla Sh 620,000 bila hiyo nauli. Likipasuka tena nitamwita yeye, ila nitamwambia Jumapili nikitaka aje Jumanne.