TAHADHARI: Yule wa koti jeupe anayeuza propolisi "iliyopimwa" pale Sabasaba

Jamani, kama umepita pale ukaacha namba yako kwa huyu jamaa, usitume hela. Mimi ameshanipiga laki na arobaini: chupa nne za mililita 30 za hiyo propolisi (gundi ya nyuki), eti imeyeyushwa kwenye spiriti, elfu 35 kila moja. Simu yake sasa haipatikani.

Najua mtaanza "na wewe nawe, msomi mzima!" Sikilizeni kwanza. Huyu si wale wa kupanda kwenye mabasi na dawa ya minyoo. Mezani ana mzinga mdogo wa mbao, ana mabonge ya gundi ya nyuki yenyewe, niliyashika, yananata na yananukia utomvu. Ana cheti chenye mhuri, kimewekewa plastiki: "Flavonoidi 12%". Akanieleza nyuki wanavyokwangua utomvu kwenye vichipukizi na magome ya miti wakazibia nyufa za mzinga, na kwamba flavonoidi na fenoli, yaani kemikali za mti wenyewe, zinaingia humo. Yote hayo ni kweli! Nani angekataa?

Halafu akasema, "Dada, mimi sikuuzii maneno, nakupimia." Akaniambia nichague chupa mwenyewe. Nikachomoa ya nyuma kabisa, nikijiona mjanja. Akadondosha matone kwenye kale kachupa kembamba ka maabara, akaongeza maji, kisha tone moja la kitu cha njano. Papo hapo kikawa cheusi chenye ukijani. Watu wakaguna. "Rangi ikikolea hivi, flavonoidi zimejaa." Mama mmoja pembeni yangu akatoa hela haraka haraka (leo nawaza huenda alikuwa mwenzake). Hali ya mama yangu mgonjwa mnaijua, sirudii. Nikatoa.

Sasa binamu yangu wa maabara ya chuo alivyocheka! Kile cha njano ni kloridi ya feri. Akachukua chai ya rangi, hii hii ya jikoni kwangu, akadondoshea: rangi ileile. Kile kipimo kinakwambia fenoli zipo, basi. Hakisemi ni kiasi gani wala zimetoka kwa nyuki au kwenye birika. Dawa yenyewe tuliimwaga kwenye kisosi tukaiacha spiriti ipae. Propolisi huacha gundi inayong'ang'ania vidole. Yangu iliacha shira, na asubuhi kisosi kilikuwa kimejaa sisimizi. Sukari ya kuunguza na majani ya chai, kwa elfu 35!

Mtu kama huyu afungwe, tena afungwe kweli, si faini ya kulipa kesho akarudi mezani. Anauzia wagonjwa! Na anawachafulia jina wafugaji wa Tabora na Singida wanaohangaika na mizinga porini.

Mnaouliza mtamjuaje: kile cheti hakina namba ya sampuli, hakina tarehe, hakisemi walipimaje. Cha kweli huandika miligramu ngapi na kwa kulinganisha na nini, kwa kawaida kemikali za kupimia: kwesetini kwa flavonoidi, asidi ya galiki kwa fenoli. Asilimia tupu, shtuka. Ukiidondosha kwenye maji, propolisi ya spiriti huyafanya kama maziwa kwa sababu utomvu hauyeyuki majini. Yangu ilibaki chai. Ila utomvu wowote unaweza kufanya hivyo, kwa hiyo msilitegemee hilo peke yake. Binamu anasema hata vipimo vya rangi vya maabara hudanganywa, mtu anatia rutini (flavonoidi ya kununua) ya bei rahisi namba ipande, mpaka mashine ya kromatografia itenganishe kimoja kimoja. Mengine sikuyashika.

Risiti hakutoa, eti mashine ya EFD imegoma. Chupa mbili sijazifungua, nazipeleka Tume ya Ushindani (FCC). Mwenye picha yake au anayejua meza ameihamishia wapi, aje inbox leo.