Virgili moja, kilasi nzima nyuma: uzoefu wangu na hesabu za mtandaoni

Nyota moja. Na hiyo moja naitoa shingo upande, kwa sababu sifuri haikubaliki.

Ni ile huduma ya hesabu tuliyolipia abonema hapa Lubumbashi, inayojisifu kwamba njia yake inamfuata kila mwanafunzi: ukijua unaruka mbele, usipojua unapelekwa kwenye somo la kujazia. Bei, rangi na wingi wa video mtayaona kwenye tangazo lao. Mimi ugomvi wangu ni na virgili, yaani ule mkato (koma) tunaoandikia desimali.

Swali la mlangoni: 3x + 1 = 2,5. Mwanafunzi anaandika 0,5, jinsi alivyofundishwa tangu primeri. Anabonyeza. Nyekundu! Anapelekwa kwenye somo la kuhamisha namba, maswali kumi, na manne kati yake yana majibu ya desimali. Anayakosa yote manne, anapata 60 kwa 100, lango linataka 80, anarudishwa mwanzo. Jirani yake aliyeandika 1/2 amekwisha kupita na yuko kwenye milinganyo ya vitu viwili visivyojulikana. Wote wawili wanajua kitu kilekile. Mega za intaneti zinakwisha, delestaji (kukatwa kwa umeme) inaingia, na mtoto anaamini kwamba hesabu imemkataa.

Sababu ni nyepesi kiasi cha kuudhi. Mashine ile inasoma kwa desturi ya Kiingereza: nukta hutenga desimali, virgili hutenganisha vitu kwenye orodha. Kwake 0,5 ni namba mbili, sifuri na tano. Kinyume chake ni kibaya zaidi maana hakipigi kelele: anayeandika 1.500, jinsi bei ya franka inavyoandikwa, anasomwa moja na nusu. Hapati hata onyo.

Nikampigia fundi wao wa msaada. Jibu: "Mwalimu, shida haiko mu programe, iko ku batoto. Bafundishe kuandika nukta." Nilikata simu kabla ulimi haujanitoroka. Batoto hao kila kitabu chao kina virgili, na karatasi ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, itawaletea virgili. Wajifunze uandishi wa pili ili kuifurahisha mashine?

Lakini virgili imefichua tu ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni mti wa kusahihisha wenye matawi mawili: sawa, si sawa. Chochote kisicho sawa kinahesabiwa kuwa hujui somo. Njia inayotaka kujirekebisha haiwezi kusimama juu ya mti kama huo. Kwa swali lile lile, tawi la kwanza lingekuwa la uandishi tu: jibu likisomeka kama orodha, mwanafunzi aonyeshwe "nimesoma namba mbili, 0 na 5, ndivyo ulivyotaka?" na arekebishe bila kupoteza alama. La pili liangalie thamani, ili 0,5 na 1/2 na 2/4 zipite pamoja. Halafu yaje makosa yenye jina. Aliyejibu 7/6 amejumlisha 1 badala ya kuitoa, huyo ndiye wa somo la kuhamisha. Aliyejibu 1,5 amesahau kugawanya kwa 3. Aliyejibu -1,5 ametoa 3 badala ya kugawanya, na hilo ni somo jingine kabisa. Jibu lisiloangukia popote halimpeleki mtu kwenye kujazia; linampa swali la aina hiyohiyo lenye namba nyingine, na likimshinda mara mbili, jina lake limfikie mwalimu.

Namba hizo zisiokotwe ovyo. Chagua x kwanza, kisha kizidishi kati ya 2 na 9, kisha cha kujumlisha, halafu ndipo ukokotoe upande wa kulia. Kizidishi kikiwa 1, aliyesahau kugawanya anapata jibu sahihi na humkamati. Cha kujumlisha kikiwa 0, hakuna cha kuhamisha. Na x isiwe 0, maana sifuri hata usipoigawanya hubaki sifuri. Kwao nimekutana na zote tatu.

Na wasiseme haiwezekani. STACK, programu huria ya kusahihisha maswali ya hesabu, inayokokotoa kwa Maxima (programu ya aljebra), katika matoleo ya karibuni inamwachia mwandishi wa swali achague virgili au nukta. Akichagua virgili, vitu vya orodha vinatengwa kwa nukta-mkato. Basi.

(Pia saa yao ni ya Kinshasa. Jaribio "linalofungwa saa kumi na mbili jioni" kwetu linafungwa saa moja usiku. Hili nimelisamehe, limewaokoa wachelewaji.)

Kuhusu kutumia njia tena kwa kilasi kipya, tahadhari. Ukinakili jaribio mojamoja, lango la nakala linaendelea kungoja alama za jaribio la zamani, na kilasi kipya kinakaa nje kama kimefungiwa. Nakili kozi nzima kwa mara moja, kisha jifanye mwanafunzi wa majaribio ukosee makusudi kwenye kila lango. Na bei za euro ndani ya matini ya swali zitoeni, sarafu iwekwe kama kigezo cha kubadilishwa, la sivyo kila mwaka mtaandika upya.

Sasa hapa ndipo hasira inaniyumbia. Majibu yote ghafi ya wanafunzi yanapakuliwa kama jedwali. Ndimo nilimoziona hizo 0,5 zimejipanga chini ya "kosa". Huduma nyingi zinakupa asilimia tu. Tena mti wa kusahihisha mwalimu anaruhusiwa kuufungua na kuuhariri, jambo ambalo fundi wangu hakulijua au hakutaka kulisema. Maswali ya mlango nimeyatengeneza mwenyewe, na yanafanya kazi. Vizuri, naungama. Na kwa kuwa kila mtoto anapata swali lenye namba zake, majibu ya WhatsApp yamekosa soko.

Kwa hiyo ile nyota moja naifuta. Naweka 2,5. Wao watasoma mbili na tano.