Ndani ya Kitambuzi cha Belle II, Nikiwa Moshi

Karibuni, watazamaji. Nipo sebuleni kwangu hapa Moshi, na mezani ipo miwani ya uhalisia pepe ambayo juma zima nimeitumia kwa programu moja tu: ile ya kitambuzi cha Belle II (mtambo mkubwa unaonasa njia za chembe ndogo kuliko atomu), iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, kwa injini ya michezo ya Unity.

Belle II yenyewe iko Tsukuba, Japani, ambako elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya) huzungushwa katika pete yenye mzingo wa kilomita 3 kisha zikagonganishwa. Programu inakusimamisha ndani ya kitambuzi, chembe zikitawanyika kukuzunguka. Na kwa kuwa tukio zima humalizika ndani ya nanosekunde chache, muda umepunguzwa kasi mno, nawe unaweza kuusimamisha au kuurudisha nyuma.

Hapo ndipo iliponishika. Sumaku ya kitambuzi ina nguvu ya tesla 1.5, hivyo elektroni hupinda upande mmoja na positroni upande wa pili, wakati fotoni, chembe ya mwanga isiyo na chaji, hunyooka moja kwa moja hadi kwenye fuwele za kalorimita, sehemu inayopima nishati ya chembe. Mpwa wangu wa kidato cha nne, ambaye kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming ilikuwa imemtoa jasho, alivaa miwani, akatanua vidole hewani, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, kwa elektroni mkondo unausoma kinyume!" Mimi nilikuwa nimeshika waya asijikwae.

Msidhani, hata hivyo, kwamba Unity ndiyo inayopiga hesabu za fizikia. Migongano hiyo imeigizwa kabla kwa programu ya Geant4, na injini inachora tu njia zilizokwisha kukokotolewa, kwa hiyo anayetaka kufanya vipimo vyake mwenyewe atatoka mikono mitupu. ATLASrift, programu kama hii ya kitambuzi cha ATLAS kilichoko CERN, Uswisi, inayotumia injini nyingine ya michezo, Unreal Engine, inavutia zaidi kwa ukubwa, maana ATLAS ina urefu wa mita 46; kwa kufundishia, mimi nabaki na Belle II.

Kasoro ninayolalamikia ni kompyuta: inahitaji kadi ya grafiki yenye nguvu, na umeme ulipokatika Jumanne mpwa wangu alibaki gizani, miwani usoni.

Sasa tazameni skrini. Ile muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, inapita kalorimita, inapita sumaku, na hiyo inatoka nje.