Sufuria ya mikono miwili ya Kibuye

Sufuria zetu nyingi hazina mikono. Ni ukingo tu, na mpishi anajitafutia kitambaa au pakiti ya unga. Nilizoea hivyo mpaka nilipoanguka na boda, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga vizuri lakini vidole havifunguki vyote, na tangu hapo sufuria yangu ya chai, ile ile ya kila siku, ikawa inanitisha hata kabla sijaigusa.

Binti yangu anasoma saikolojia. Aliniambia kwamba mwaka 1998 watafiti wawili wa Uingereza, Tucker na Ellis, waliwaonyesha watu picha za vyombo vya nyumbani, waamue kama chombo kiko wima au kimepinduliwa, wakibonyeza kitufe kwa kulia au kushoto. Swali halikuhusu mpini kabisa. Hata hivyo, mpini ukielekea kulia, mkono wa kulia ndio uliowahi kujibu. Yaani jicho linaona mpini na mkono ushaanza kujiandaa. Wapo wanaodai pia kwamba kitu kigumu kushika huonekana kiko mbali zaidi. Hapo wataalamu bado wanavutana. Mimi namwamini mkono wangu.

Basi nikaenda Kibuye, soko la Kisumu, kwa mafundi wa jua kali. Niliyempata hakunionyesha sufuria kwanza. Alisema, "Mama, hebu funga ngumi," akaizungushia waya, akaukata, akaukunja mkono wa chuma kwa kipimo hicho. Shilingi 900, lita kumi hivi. Mikono imeachana na ubavu vya kutosha, vidole vinne vinapita bila kugusa alumini, hata hivi vyangu vilivyopinda. Sasa naiepua jikoni bila kumwita mtu, na naifikia bila kujipanga kwanza kama mtu anayevuka barabara ya Kondele.

Kasoro zipo. Riveti moja ilivuja, chai ikawa inadondokea makaa; niliirudisha akaigonga upya bure, bila maneno. Chuma nacho kinashika moto, kwa hiyo kitambaa bado ni lazima. Zile ndogo za lita mbili usinunue: mkono wake unapitisha kidole kimoja na nusu, hayo ni mapambo.